Michoro ya Kigoma inauzwa mtandaoni bila idhini: hivi ndivyo inavyoshushwa

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumze na wachoraji wenzetu wa Kigoma mjini, Ujiji, Kasulu na Kibondo, pamoja na wenye steshenari na wachapaji wa fulana, kuhusu michoro ya kidijitali inayobebwa kutoka kwenye kurasa za watu na kuuzwa katika masoko ya mtandaoni ya kazi za mikono. Mchoro wa mitumbwi ya dagaa na taa zake usiku, wa sokwe wa Gombe, wa meli ya Liemba ikiwa gatini, unaonekana ghafla katika duka la mtu wa nchi nyingine. Umetiwa kwenye fremu ya kubuni, umetundikwa kwenye ukuta wa kubuni, na kila anayelipa dola tatu au nne anapakua faili lake. Aliyechora hapati hata senti.

Kesi za namna hii zikiletwa mezani, karibu zote zina ugonjwa mmoja: mchoraji ana haki yote lakini hana ushahidi. Faili la asili limefutwa ili simu ipate nafasi, tarehe hazikumbukwi, na nguvu zote zimeishia kumtukana muuzaji chini ya tangazo lake. Matusi hayashushi tangazo. Kinachoshusha ni taarifa ya madai iliyoandikwa kwa utaratibu unaotambulika kisheria, na taarifa hiyo inasimama kwa faili la asili. Utaratibu wenyewe hauhitaji wakili wala fedha, na mtu mwenye simu, barua pepe na uvumilivu anaumudu.

Tuanze na swali linaloulizwa sana: mwizi amepataje picha kubwa ya kuchapa ilhali mchoraji aliweka ndogo? Picha yenye upana wa pikseli 1080, kipimo kilichozoeleka cha Instagram, ikichapwa kwa nukta 300 kwa inchi inatoa upana wa sentimita 9 tu. Karatasi ya A4 kwa ubora huohuo inataka pikseli 2480 kwa 3508, na A3 inataka 3508 kwa 4961. Zamani pengo hilo lilikuwa kinga. Siku hizi programu za akili unde zinakuza picha mara nne kwa dakika chache, 1080 inakuwa 4320, na A3 imepatikana. Saini ya pembeni inafutwa kwa kidole. Mara nyingi picha hupinduliwa pia, kushoto ikawa kulia, ili isitambulike haraka.

Ukuzaji huo huacha makovu, na mchoraji anayejua pa kutazama atayaona. Chukua mchoro wa mtumbwi. Namba za usajili ubavuni, ambazo wewe uliziandika zikasomeka, zimegeuka vijiti visivyo na maana. Matundu ya wavu yameungana. Kamba iliyopita nyuma ya mlingoti inaingia upande mmoja na kutokea upande mwingine mahali pasipolingana, kwa sababu programu ilikisia tu. Ikiwa picha imepinduliwa, namba hizo zinasomeka kinyumenyume au zimefutwa zote, pakabaki doa laini lisilo na mbao. Kata kipande hicho, kikuze, kiweke sambamba na kipande kilekile kutoka kwenye faili lako, uhifadhi vyote viwili katika picha moja. Mhudumu wa soko anayepitia madai mengi kwa siku hatasoma kurasa tatu za maelezo, lakini picha hiyo ataielewa kwa kuitazama mara moja.

Kuna njia mbaya kuliko hiyo, na hii inatuhusu hapahapa nyumbani. Mchoraji anatuma kazi steshenari kwa WhatsApp ikiwa kama hati, siyo kama picha. Ikienda kama picha, WhatsApp huibana na kuipunguza. Ikienda kama hati, linakwenda faili zima kama lilivyo. Faili linabaki kwenye kabrasha la vipakuliwa la kompyuta inayotumiwa na kila mtu. Au mchoraji amefungua WhatsApp yake kwenye kompyuta hiyo kwa kuskani, kazi ikaisha, akaondoka bila kuifunga. Au flashi imeingizwa, na yaliyomo yote yamenakiliwa. Anayechukua hapo hahitaji kukuza kitu, maana ameondoka na kazi kamili. Kwa hiyo fungua sasa hivi sehemu ya vifaa vilivyounganishwa kwenye WhatsApp yako na uondoe kila kompyuta usiyoitambua. Ukipeleka kazi ya kuchapa, peleka kwa kipimo cha kazi hiyo tu. Fulana yenye mchoro wa sentimita 25 kwa nukta 150 kwa inchi inatosheka na pikseli 1476, kwa hiyo hakuna sababu ya kumpa mchapaji 2953, wala faili lenye leya, yaani tabaka za mchoro zilizotenganishwa. Leya zisitoke mikononi mwako kwa namna yoyote. Tunawaomba nanyi wenye steshenari muwe na desturi ya kufuta kabrasha la wateja kila jioni na kumwaga pipa la taka la kompyuta. Ni kazi ya dakika mbili na inalinda jina la duka lenu.

Sasa sheria, kwa kifupi. Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Tanzania ilijiunga nao 1994, unasema hakimiliki haitegemei kusajiliwa wala kutimiza masharti ya makaratasi. Kazi inalindwa tangu inapoumbwa, na inalindwa katika nchi zote wanachama. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda kazi ya sanaa kwa uhai wote wa msanii na miaka 50 baada ya kifo chake. Asikutishe mtu kwamba mchoro wako ni wa bure kwa kuwa hukuusajili. Hata hivyo tunashauri kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, kazi zile zinazokuletea riziki, kwa sababu cheti chenye jina lako na tarehe kinafupisha mabishano, hasa ukigombana na mtu wa ndani ya nchi.

Ila kabla ya kudai, mchoraji ajiulize kwa ukweli: nilichoibiwa ni changu? Sheria hailindi wazo, somo wala mtindo. Hakuna mwenye Liemba, hakuna mwenye machweo ya Ziwa Tanganyika, na hakuna mwenye mtindo ulioachwa na Edward Saidi Tingatinga. Kilicho chako ni mistari yako, mpangilio wako, rangi ulivyozikalisha. Mfano mzuri ni samaki. Wapo wanaochora samaki wa ziwa letu kwa ajili ya wafugaji wa samaki wa mapambo wa Ulaya na Marekani. Frontosa wa upande wa Kigoma anajulikana kwa mistari saba ubavuni, wakati wa sehemu nyingi za ziwa wana sita. Mistari saba ni maumbile ya samaki, na mtu mwingine akichora frontosa mwenye mistari saba hajakuibia kitu. Lakini ikiwa nundu ya kichwa imepinda palepale ulipoipinda, pezi la chini limekatika palepale ulipolikata, na mapovu manne yamekaa kwenye pembe zilezile, hapo kuna nakala.

Jambo la pili linaumiza zaidi kulisema. Wengi wetu tunachora juu ya picha za kamera zilizotoka mtandaoni. Sokwe aliyechorwa kwa kufuata mstari kwa mstari picha ya mpigapicha wa nje ana mwenyewe, naye ni mpigapicha huyo. Ukipeleka madai kwa mchoro kama huo unafungua mlango wa kudaiwa wewe. Vilevile mabango yaliyochorwa kwa malipo ya mashirika, hasa yale yanayohudumia kambi za wakimbizi: soma mkataba wako kwanza, kwa kuwa mikataba ya aina hiyo mara nyingi ina kifungu kinachohamishia haki zote kwa shirika. Ikiwa haki zilikwisha hama, mwenye kudai ni shirika, nawe unaweza kuliarifu tu. Na picha iliyotolewa yote na programu ya akili unde kwa kuandikiwa maneno ni msingi dhaifu. Nchini Marekani, ambako masoko makubwa mengi yana makao, mahakama ya rufaa ilithibitisha Machi 2025 kwamba kazi isiyo na mtunzi binadamu haisajiliwi hakimiliki.

Ushahidi unaandaliwa kabla ya wizi. Wanaochora kwa simu kwa ibisPaint wana bahati ambayo wengi hawaitumii: programu hiyo hurekodi mchoro unavyokua, na faili lake la IPV hubeba hatua zote tangu mstari wa kwanza. Procreate nayo hurekodi video ya mchakato. Mwizi anaweza kuwa na picha iliyokamilika, lakini hawezi kuwa na video ya mkono unaoijenga. Usilifute IPV ili upate nafasi. Lihamishie kwenye flashi na pia kwenye hifadhi ya mtandaoni. Google inatoa gigabaiti 15 bure, na kupandisha kunaweza kusubiri kifurushi cha usiku. Wanaotumia Photoshop au Krita wahifadhi faili lenye leya zote, hata zile za michoro ya penseli zilizofichwa.

Halafu lichukulie faili alama ya kidole. Kwenye kompyuta ya Windows fungua dirisha la amri, andika certutil -hashfile, kisha jina la faili, kisha SHA256. Zitatoka herufi na tarakimu 64. Zinakili, ujitumie kwa barua pepe siku ileile unapomaliza kazi, pamoja na nakala ndogo ya mchoro. Faili likibadilika hata pikseli moja, mfuatano wote unabadilika. Kwa hiyo kosa linaloharibu mpango huu ni kulifungua faili hilo mwezi ujao, kusogeza kitu kidogo, na kulihifadhi juu yake lenyewe. Faili lililokwisha kupigwa alama lisiguswe. Ukitaka kuendelea, tengeneza nakala.

Kinga nyingine rahisi, na kwetu ndiyo bora kuliko zote, ni kutochapisha mchoro mzima. Kwenye A3 ya nukta 300, kata pikseli 150 kila upande kabla ya kuuweka hadharani. Hiyo ni sentimita moja na robo tu, na mtazamaji hapotezi kitu. Kwako inabaki kingo ambayo hakuna mwingine duniani anayo: ncha ya kasia iliyoendelea, nusu ya ndege aliyekatwa, mwisho wa saini. Siku ya ugomvi unaleta kingo hiyo na mabishano yanakwisha. Saini nayo iondoke pembeni iingie ndani ya mistari, kwenye ubao wa mtumbwi au mkunjo wa kitenge, mahali ambapo kuifuta ni kuharibu mchoro. Maandishi mapana ya umiliki yanayopita katikati ya picha yanasaidia kidogo tu, kwa kuwa programu za kufuta zimekuwa hodari, na yanamkera mnunuzi halali. Taarifa za jina na hakimiliki ndani ya faili ziwekwe, lakini zisitegemewe, kwa sababu WhatsApp huzifuta picha inapopita.

Kutafuta mchoro ulioibwa kusiwe kazi ya siku moja kwa mwaka. Pitisha kazi zako muhimu kila mwezi kwenye Google Lens, TinEye na Yandex. TinEye hutafuta picha ileile hata ikikatwa au kupunguzwa. Lens huleta na zinazofanana, ndiyo maana huchosha. Tafuta picha nzima, kisha kipande chenye kitu cha pekee, kisha picha iliyopinduliwa. Ukitafuta kwa maneno ndani ya soko, usiandike Kigoma wala Liemba. Mwizi hajui hayo. Yeye huandika kwa Kiingereza Afrika, machweo, mwanamke, wavuvi, mapambo ya ukuta.

Ukiupata, usimwandikie muuzaji na usiweke maoni. Kwanza hifadhi. Fungua tangazo kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl na P, uhifadhi kama PDF ili kiungo na tarehe vionekane ukingoni mwa ukurasa. Hifadhi picha za tangazo zote, jina la duka, bei, na maoni ya wanunuzi, kwa sababu tarehe ya maoni ya kwanza inaonyesha wizi ulianza lini. Jaribu pia kuupeleka ukurasa kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, ambayo huweka nakala yenye tarehe; baadhi ya masoko huizuia, na hapo PDF yako ndiyo tegemeo. Kisha weka picha ya mwizi juu ya yako katika programu ya kuchora, zilinganishe ukubwa, na uchague hali ya Difference. Palipo sawa panakuwa peusi. Mchoro ulionakiliwa unatoa weusi mtupu wenye vumbi la madoa pembezoni mwa mistari. Mchoro unaofanana tu kwa somo unatoa fujo ya rangi. Kipimo hiki ukifanye kabla ya kumtuhumu mtu yeyote.

Kiungo unachotaka ni cha tangazo, siyo cha duka. Hapa ndipo madai mengi yanapokwama. Katika Etsy, kwa mfano, kila tangazo lina namba yake ndani ya kiungo, baada ya neno listing. Jina la tangazo linaweza kubadilishwa, namba inabaki. Ondoa kila kitu kuanzia alama ya kuuliza kwenda mbele, kwa sababu hayo ni mabaki ya utafutaji wako. Ikiwa duka lina michoro yako mitano, peleka viungo vitano. Sheria ya Marekani ya hakimiliki ya kidijitali ya 1998 inayataka masoko yanayojikinga nayo yawe na sera ya kuwafungia wanaorudiarudia kosa, na kila tangazo lililoorodheshwa vizuri linaingia katika hesabu hiyo.

Taarifa yenyewe ina mambo sita, na likikosekana moja inaweza kuwekwa kando. Sahihi yako, ya mkono au ya kielektroniki, kwa jina lako kamili. Kazi iliyoibwa ni ipi, pamoja na kiungo cha mahali ulipoichapisha kwanza. Tangazo linalolalamikiwa, kwa kiungo chake. Anwani, simu na barua pepe yako. Tamko kwamba unaamini kwa nia njema kuwa matumizi hayo hayakuidhinishwa na mwenye haki, wakala wake wala sheria. Na tamko kwamba maelezo ni sahihi na kwamba, ukijua adhabu ya kiapo cha uongo, wewe ndiye mwenye haki au umeruhusiwa kumwakilisha. Matamko hayo mawili ya mwisho ndiyo yanayosahaulika, na bila hayo barua yako ni malalamiko ya kawaida. Fomu za masoko makubwa huwa zimekwisha yaandika, unaweka alama tu, lakini soma unachokiapia: anayedai uongo kwa makusudi anaweza kudaiwa fidia. Andika kwa Kiingereza chepesi, aya mbili, bila hasira. Huhitaji kuwa na duka katika soko hilo, jambo linalotusaidia, maana baadhi ya masoko hayafungui duka kwa muuzaji wa nchi ambayo hayaifikii kwa malipo. Jina na mawasiliano yako yanaweza kupelekwa kwa muuzaji, kwa hiyo tumia barua pepe ya kazi na S.L.P., siyo mahali unapolala.

Baada ya hapo tangazo hushushwa, na muuzaji ana haki ya kupinga. Wengi wanaogopa hatua hii bila sababu. Ili apinge lazima atoe jina na anwani yake, na akubali mamlaka ya mahakama ya shirikisho ya Marekani, jambo ambalo mwizi wa kawaida halitaki. Akipinga kweli, soko linalofuata sheria hiyo hulirudisha tangazo kati ya siku 10 na 14 za kazi, isipokuwa ukiwaarifu kwamba umefungua shauri. Tangu Juni 2022 lipo baraza la madai madogo ya hakimiliki huko Marekani, lenye kikomo cha dola 30,000 na ada ya dola 100 kwa awamu mbili, lakini anayedaiwa anaweza kujitoa ndani ya siku 60, na kazi inapaswa kuwa imeombewa usajili kwao. Kwa mchoro wa kuuzwa dola nne hatuoni kama safari hiyo inalipa. Nguvu ielekezwe kwenye kushusha haraka na kushusha yote.

Kushusha yote ni pamoja na chanzo. Kuweka tangazo Etsy hugharimu senti 20 za dola kwa miezi minne, kwa hiyo kulirudisha kwa jina jingine hakumuumizi mwizi. Tena kila tangazo la kupakua linabeba mafaili matano yasiyozidi megabaiti 20 kila moja, na ndiyo maana vifurushi vya maelfu ya picha huuzwa kama PDF moja yenye kiungo cha hifadhi ya mtandaoni. Taarifa ikienda sokoni tu, tangazo linaondoka, mafaili yanabaki. Peleka taarifa hiyohiyo kwa mwenye hifadhi. Na wauzaji wengi wa vikombe na fulana si wezi wa kwanza: walinunua kifurushi kilichoandikwa kuwa na leseni ya biashara, wakaamini. Baada ya tangazo kushushwa, hao ndio wa kuwaandikia kwa adabu na kuwauliza walinunua wapi. Wakijibu, umefika kwa aliyekusanya.

Kwa fulana na vikombe vinavyochapwa nchini, njia ni nyingine. Nunua kimoja, dai risiti, piga picha ya duka na bidhaa, kisha peleka COSOTA pamoja na faili na video ya mchakato. Bila risiti ni neno lako dhidi ya neno lake. Maafisa utamaduni wa halmashauri zetu nao tunawaomba wajifunze kuandaa barua hizi, kwa kuwa mchoraji wa Kakonko au Uvinza hana sababu ya kufunga safari kwa jambo linaloweza kuandikwa ofisini kwao kwa saa moja.

Na kwako, Mhariri, tuna ombi. Gazeti likichapisha mchoro, liandike jina la aliyeuchora chini yake, hata kama picha ililetwa na mtu mwingine. Ukurasa wa gazeti una tarehe isiyoweza kubadilishwa na mtu, unahifadhiwa maktaba, na unakubalika mezani kwa mhudumu wa soko bila maswali. Mchoro uliotoka gazetini ukiwa na jina umepata ushahidi ambao mchoraji wa Ujiji hawezi kuununua popote. Uliotoka bila jina umempa mwizi kisingizio kwamba kazi hiyo haina mwenyewe.

Wachoraji na wachapaji,
Mwanga, Kigoma